Uzito wa Kiti cha Dereva

Kama si springi za gari, tungempandisha mama mkwe basi la Jumatatu, tumpungie mkono, halafu tukae tungoje simu ya matanga. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa Komarock bado wapo wanaonicheka, ati Luseno alimpima mama ya mkewe kwa mizani ya mahindi. Ndiyo, nilimpima. Wacheke tu.

Mimi ni fundi wa chini ya gari: springi, shoki, bushi, kila kinachoshikilia magurudumu. Katika mitaa yetu kazi hiyo ina maana moja, kuinua. Mteja anakuja, unamwekea raba juu ya springi, gari linapanda, anavuka matuta bila kukwaruza tumbo, anakwenda zake amefurahi. Gari la namna hiyo ukilipeleka kona kwa kasi linalala upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Nimewaambia watu hivyo mpaka nimechoka.

Corolla yangu mimi niliishusha. Niliondoa springi za kawaida nikaweka fupi na ngumu, zile zinazokaa kwenye shoki yenye ringi ya kuzungusha: ukikaza ringi, kona hiyo ya gari inapanda; ukilegeza, inashuka. Nikang'oa kiti cha nyuma, zulia na redio ili kupunguza uzito. Kiti cha dereva nikaweka cha mbio, kile chembamba kinachokubana mbavu, ambacho mimi mwenyewe huingia kwa kujikunja na kuvuta pumzi. Majirani wakawa wanapita wakiuliza, "Niaje Luseno, gari imechoka? Mbona imekaa chini?" Niliwajibu maneno ambayo mke wangu hataki niyarudie.

Shabaha ya yote hayo ilikuwa Jumapili. Upande wa Athi River kuna uwanja wa mbio, na siku fulani hufunguliwa kwa yeyote mwenye gari: unaingia, unazunguka, unapigiwa saa. Musyoka, mwenye timu ya magari ya mbio, alikuwa ameniambia nilete Corolla aone inavyoshika kona. Ikimridhisha, ningekuwa fundi wake wa springi. Nilikuwa nimengoja maneno hayo tangu nishike spana ya kwanza.

Na kesho yake, Jumatatu, mama mkwe alikuwa arudi Kimilili. Alikuja Nairobi kutolewa mtoto wa jicho, macho yakapona vizuri, tikiti ya basi ikakatwa. Jina lake sitalitaja. Kwetu mama mkwe hatajwi jina, hapewi mkono, hatazamwi usoni, wala yeye halali nyumbani kwa mume wa bintiye. Kwa hiyo alikuwa analala Baba Dogo kwa mdogo wake, Annah, ambaye hudamkia kazi ya kiwandani. Kila mchana Nabalayo, mke wangu, alikuwa akimleta kwetu akae mlangoni aote jua, jioni akimrudisha. Mimi nikipita mbele yake natazama ardhi. Nikiwa na neno, namwambia Nabalayo amwambie, hata kama sote watatu tunasikilizana bila shida.

Mama huyo ni mcheshi, tena alikuwa mtu mnene na mwili wake aliupenda. Msimu wa mavuno uliopita, mnunuzi wa mahindi alileta mizani yake bomani kwake, na wanawake walipomaliza kupima magunia wakaanza kujipima wenyewe kwa vicheko. Mama mkwe akasoma kilo tisini na moja. Nami nikasukumwa nipande, nikasoma tisini na moja vilevile. Boma zima lilipiga kelele, ati Nabalayo alitafuta mume wa saizi ya mamake. Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa, Jumamosi. Nilikuwa nimebakisha kazi moja, ya mwisho na ya maana kuliko zote: kusawazisha uzito wa magurudumu manne. Gari linaweza kuonekana limesimama sawa kumbe gurudumu moja limebeba mzigo wa wenzake. Basi unapima kila gurudumu, unakaza ringi hapa, unalegeza pale, mpaka mzigo ugawanyike vizuri. Na lazima dereva awe ameketi kitini, kwa sababu dereva naye ni mzigo, tena yuko upande mmoja. Matajiri wana mizani nne za umeme. Mimi niliazima moja ya kulaza chini, ya kuhamisha gurudumu hadi gurudumu, kutoka kwa Wacera, muuza nafaka wa pale kwa kona, na magurudumu mengine matatu nikayakalisha juu ya mbao za kimo kimoja na ile mizani.

Taabu ikawa dereva. Dereva ni mimi, na mwenye kukaza ringi ni mimi. Siwezi kuwa kitini na kuwa chini. Nilifikiria gunia la mahindi, lakini gunia halina miguu ya kukanyaga pedali, uzito wote unarundikana nyuma. Nabalayo ni mwembamba. Jirani yangu Kabiru, ambaye naye ni fundi, ana mwili wa kutosha, ila Kabiru alikuwa anaitamani kazi ya Musyoka kama mimi, nisingemkalisha ndani ya gari langu hata kwa dawa.

"Sasa nani ana uzito wangu?" nilimuuliza Nabalayo kwa sauti, nikiwa nimekwisha kasirika.

Kutoka mlangoni sauti ikasema, "Nabalayo, mwambie mkwe wangu mimi nitakaa."

"Mama! Kwenye kiti chake?"

"Kiti cha gari si kiti cha nyumbani. Tena humo ndani kuna joto. Wanapima gari, mimi natakiwa nini zaidi ya kukaa?"

Nabalayo alinitazama. Mimi nilitazama jeki. Hapo ilikuwepo aibu ya kukalia kiti changu, na aibu kubwa zaidi, kwamba yeye atakuwa juu na mimi nitakuwa nimelala chini ya gari hilohilo. Nikasema, "Mwambie mama tutatandika leso kitini, na mimi nitakuwa nimefumba macho akipanda." Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa. Leso ikatandikwa. Niligeukia ukuta, nikasikia mlango unafungwa.

"Ameingia," Nabalayo alisema. "Ameingia vizuri kabisa."

Laiti ningeyasikia maneno hayo vizuri. Kiti kile kinachonibana mimi mbavu, mtu wa kilo zangu aingie vizuri kabisa? Lakini nilikuwa natazama ukuta kwa heshima, na akili yangu ilikuwa kwenye ringi.

Tulifanya kazi hivyo. Mimi chini napiga kelele, "Mwambie mama aegemee nyuma," Nabalayo dirishani, "Mama, egemea nyuma," na mama, "Mwambie nimeegemea." Nabalayo alinisomea mizani gurudumu baada ya gurudumu. Ilipoisha, mama akashuka, nikageukia tena ukuta, na Nabalayo akaondoka naye kumrudisha Baba Dogo mapema kwa sababu alisema amechoka. Chakula cha mchana hakukigusa. Alisema amekula kwa Annah akashiba.

Nikakaa juu ya tairi nikajumlisha. Asubuhi nilikuwa nimelipima gari likiwa tupu. Ukitoa uzito wa gari tupu kwenye uzito wa gari lenye mtu, kinachobaki ni mtu. Ringi zinahamisha mzigo kutoka gurudumu hili kwenda lile, lakini jumla haziibadilishi hata kidogo. Ilitakiwa ibaki tisini na moja, au karibu na hapo. Ilibaki sitini na nane.

Nilijumlisha upya. Sitini na nane. Damu ikanipanda. Nikasema huyu Wacera ameniazima mizani yake ya kuwapunjia watu, imeniharibia kazi nzima na kesho ndiyo Jumapili. Niliibeba mizani begani hadi dukani kwake, nikaitupa chini mbele ya wateja.

"Wacera, mizani yako ni mwizi!"

Wacera ni mwanamke mfupi, hapandishi sauti ovyo. Alimaliza kwanza kumpimia mtu maharagwe. "Umeniita nini?"

"Imekula kilo ishirini na zaidi. Mtu wa tisini na moja inamsoma sitini na nane!"

Alivuta gunia la sukari lililoshonwa kiwandani, la kilo hamsini, akalipandisha juu. Hamsini. Akalishusha, akaniambia, "Panda wewe." Nilipanda. Tisini na moja, na wateja wote wanachungulia.

"Haya, mwizi ni nani?" Wacera aliuliza. "Aliyekaa kitini alikuwa nani?"

"Mama mkwe."

Wacera aliisukuma mizani yake nyuma ya kaunta taratibu kwa mguu, akanitazama usoni, na hasira yangu yote ikaniishia miguuni. Nilikuwa nimemzoea mama yule kwa sauti tu na kwa viatu vyake. Tangu aje Nairobi sikuwa nimemtazama hata mara moja. Nilimwomba Wacera radhi. Aliniambia niende nyumbani.

Nabalayo aliporudi nilimweleza. Kwanza alinivamia kwa maneno.

"Unampima mama yangu kama gunia, halafu unaniletea hesabu?"

"Wewe unamwona kila siku. Amekonda au hajakonda?"

"Amevaa masweta mawili na shali! Nitaona wapi? Uso nilidhani ni uchovu wa upasuaji wa macho." Hapo akajisikia mwenyewe anavyosema. Jua lilikuwa limetuunguza wiki nzima na mama alikuwa anavaa masweta mawili. Kuoga kwetu haogi, kulala halali, mwili wake binti yake angeuonea wapi?

Nabalayo alichukua simu akampigia Annah, akaweka sauti nje.

"Mama mdogo, mama huwa anakula nini huko kwako?"

"Kwangu? Kwangu huwa hali. Akirudi jioni anasema umemshibisha. Asubuhi mimi natoka kama bado amelala."

"Kwangu anasema amekula kwako."

Annah akasema, "Wee! Mungu wangu. Huyu dada yangu." Nabalayo alikuwa amekaa kitako sakafuni, simu mkononi, analia. Nami niliogopa, sitaficha. Mtu mzima alikuwa anashinda na kulala njaa kati ya nyumba zetu mbili, na kila nyumba ikidhani nyingine imemlisha.

Jioni ile Nabalayo aliongea naye kwa simu mpaka chaji ikaisha. Mama alikataa katakata. Alisema hana ugonjwa wowote, ni uzee, na mizani ya Nairobi ina uongo kama watu wake. Jumatatu anaenda nyumbani, na asiongeleshwe tena mambo ya hospitali. Annah akamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Mama akamjibu basi kimuumbue akiwa Kimilili. Hapo ndipo tulipoelewa. Baba mkwe alikuja Nairobi kutibiwa kwa miguu yake mwenyewe, akarudi ndani ya sanduku juu ya basi. Mama aliapa yeye hatarudi hivyo.

Jumapili asubuhi nilivaa ovaroli langu safi, lile nililoliweka kwa ajili ya Musyoka. Nabalayo alidhani naenda uwanjani na hakunisemesha. Nilifika barabara ya Kangundo, mahali pa kuamua niende wapi, nikaamua. Nilikata kwenda Baba Dogo. Musyoka alipiga simu nikiwa njiani, nikaiacha ilie.

Nilimkuta mama mkwe nje kwa Annah, ameketi kwenye stuli, shali hadi kidevuni. Annah alikuwa anafua.

"Annah, mwambie mama aingie garini, tunaenda hospitali."

"Annah, mwambie mkwe wangu mimi nimepona."

"Annah, mwambie..." Nikaacha. Nikainua macho nikamtazama. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, shingo imebaki kamba tupu. Sitasahau. Ningeweza kumpita barabarani nisimjue.

"Mama," nilisema, mimi kwake, moja kwa moja, na Annah akaangusha nguo ndani ya beseni. "Mizani ni nzima. Nilipima sukari, nikajipima mimi. Umepoteza kilo ishirini na tatu, na hizo nimehesabu pamoja na masweta. Ukienda nyumbani kesho, hutarudi mezani kula. Gari liko hapa. Mimi sitoki hapa bila wewe, na leo nilikuwa na safari yangu ya maana, uliza binti yako."

Alinitazama muda mrefu. Aliangalia gari. "Nitakaa wapi? Kiti cha nyuma ulikitoa."

"Mbele. Kando yangu."

"Na Annah?"

"Hakuna nafasi. Atapanda bodaboda atufuate."

Alisimama kwa kushika ukuta. Nilimpa mkono, akaushika. Wake ulikuwa mwepesi na wa baridi, na Annah alijifunika uso kwa kanga asione.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Gari lilikuwa limefungwa kwa ajili ya lami laini ya uwanjani. Shoki nilikuwa nimezikaza mpaka mwisho. Barabara za Baba Dogo kila mtu anazijua. Tuta la kwanza mama alishika tumbo akaguna. La pili alifumba macho. Shimo lililofuata alitoa sauti ambayo sikuivumilia. Niliegesha kando palepale, nikatoka na ovaroli langu safi, nikapiga magoti kwenye vumbi, nikazungusha vifundo vya shoki, vile vya kuongeza na kupunguza ugumu, moja baada ya nyingine kuelekea kulegea, mpaka vikagoma. Kazi yangu ya mwezi mzima niliifungua pembeni ya barabara, na watu waliotoka kanisani walikuwa wananitazama. Nilipoondoa gari, liliyumba taratibu kama la mteja wangu yeyote.

Tuta lililofuata tulilivuka kimya. Mama alifungua macho.

"Na hili ndilo gari la kukimbia?" aliniuliza mimi, si mtu mwingine.

"Ndilo, mama."

"Mbona linaenda kama la mazishi?"

Nikacheka, naye akacheka, akakohoa, halafu akaanza kuniambia. Alianza kukwamwa na nyama. Baadaye ugali, baadaye hata uji mzito. Kila kitu kilisimama hapa, akagusa kifua. Alitaka macho yapone tu akaone shamba lake. Hakutaka kuwa mzigo kwa nyumba mbili. Nilimwambia mzigo ninaujua, ndiyo kazi yangu, na yeye bado hajafika kuwa mzigo. Akasema nina mdomo, na kwamba sasa anaelewa bintiye anavyoteseka.

Hospitalini, nesi aliuliza uzito. Mama akanionyesha kwa kidole. "Muulize huyu, ndiye anayejua." Nesi alimpima hata hivyo, na masweta ameyavua. Sitini na sita. Nabalayo, aliyepigiwa simu na Annah, alikuwa amefika, akamwona mamake bila masweta kwa mara ya kwanza, akatoka nje.

Walikuta njia ya chakula imebana. Kidonda cha zamani kilipona vibaya kikaacha kovu, na kovu likawa linaifunga njia kidogo kidogo. Daktari alisema hata maji yalikuwa yanakaribia kukosa mahali pa kupita. Waliipanua, wakamrudisha, wakaipanua tena. Tikiti ya basi ilipotea bure na hakuna aliyeiulizia. Kazi ya Musyoka alipewa Kabiru. Iliniuma, na bado inaniuma nikimwona na ile jaketi ya timu. Afanye tu, fundi mzuri ni mzuri, ingawa kona za kushoto bado hazijui.

Miezi ilipita. Mama mkwe aliendelea kurudi kliniki, akilala kwa Annah, akila mbele ya macho ya Annah na tena mbele ya macho ya Nabalayo. Mkono hatujapeana tena. Mila ni mila, na kuna mambo hufanywa siku moja ya shida yakatosha. Lakini juzi uwanja wa mbio ulitangaza siku nyingine, nikaenda kwa Wacera kuazima mizani kwa adabu zote, nikapanga mbao zangu.

Kabla sijasema neno, mama alikuwa amekwisha toka mlangoni na leso yake mwenyewe. Kuingia kitini kulimchukua muda. Nilikuwa nimegeukia ukuta, lakini nilisikia anavyojikunja na kuvuta pumzi, na Nabalayo akimsukuma kwa kicheko.

Nilipima magurudumu yote manne, nikajumlisha. Themanini na mbili. Nikalala chini ya gari na spana, nikashika ringi ya mbele kulia nianze kusawazisha, na kutoka juu yangu sauti ikaniita, bila kupitia kwa mtu.

"Luseno! Hiyo springi usiikaze. Bado naongezeka."